Mistari Mitupu ya Katonga

Kiti cha ofisi ya mwalo pale Katonga kilikuwa na mguu mmoja mfupi kuliko mingine, na mimi kilinifaa. Sijui kutulia. Ukinikalisha kwenye kiti imara, muda mfupi tu nimeshasimama, nipo mlangoni, naangalia nani anapita na amebeba nini. Kile kiti kilikuwa kinanitikisa chenyewe. Mwili ukapata kazi yake, na kichwa kikapata nafasi ya kufanya ya kwake.

Niliacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nakaa upande wa dirisha, na dirisha lilitazama barabara ya malori yanayokwenda Burundi. Kila lori likipita nataka kujua limebeba nini chini ya lile turubai. Siku moja nikatoka kwenda kuuliza, na darasani sikurudi. Tangu hapo nimepaka boti rangi Bangwe, nimebeba madumu ya mawese hadi Mpanda, nimekuwa utingo wa lori njia ya Kibondo, nimevuka ziwa kwenda Kalemie kwa sababu tu nilikuwa nimeitazama milima ya ng'ambo kwa muda mrefu mno bila kuikanyaga. Nilipoikanyaga, nikaanza kutazama huku.

Kompyuta ilinikamata Gungu, kwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala. Mwenye kibanda alinipa kazi ya kuwahudumia wateja, lakini saa za jua kali mteja haji, basi mimi nafungua kila kinachofunguka ndani ya ile mashine. Nikagundua kuna programu ambazo waliozitengeneza wameziacha matumbo wazi. Mtu yeyote, popote alipo, anaweza kusoma zilivyoandikwa ndani na kuzibadilisha. Sikuamini. Nikabadilisha neno moja kwenye menyu ya programu moja, neno la Kiingereza, nikaweka "Fungua". Nilipoiwasha upya na kuona "Fungua" imekaa pale juu kama vile imezaliwa pale, nilitoka nje nikatembea hadi Mwanga na kurudi, bila shughuli yoyote.

Mama mmoja alinikuta hapohapo kibandani. Alishuka kwenye bodaboda taratibu, upande upande, ameipakata kompyuta ya mezani kama mtu aliyepakata mgonjwa. Dereva wa bodaboda alikuwa amebeba kioo chake begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayefungua vitu?"

"Inategemea ni vitu gani."

"Hiki kimefungwa na watu ambao wameshaondoka."

Akaniambia habari yake akiwa amesimama, maana kukaa na kuinuka kulimsumbua. Yeye ni mwandishi wa mwalo wa Katonga, pale vyombo vinaposhusha dagaa na migebuka asubuhi. Zamani alikuwa mwanikaji, anamwaga dagaa mchangani na kuwageuza tangu jua linachomoza. Siku moja ubao wa kupandia chomboni uliteleza, akaangukia nyonga kwenye ukingo wa boti. Nyonga haikurudi kama ilivyokuwa. Kazi ya dagaa ni kuinama, na yeye hawezi tena kuinama. Kikundi cha mwalo kikampa dawati: kila siku, kwa kila chombo, aandike kimeshusha ndoo ngapi. Ukaja mradi fulani, ukaleta kompyuta na fomu nzuri ya kujaza, wakamfundisha. Mradi ukaisha. Asubuhi moja fomu ikaomba namba ya leseni ambayo hakuna mtu Katonga aliyewahi kuisikia, na tangu siku hiyo haikufunguka tena.

"Sasa afisa uvuvi wa mjini amesema kiangazi kikiisha atazunguka mialo yote," alisema. "Dawati litakaloshindwa kumwonyesha kumbukumbu zake ndani ya mashine, kazi yake inahamia mjini. Vikaratasi vitapelekwa huko, vijana wa ofisini watachapa."

"Na wewe?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza. Mimi nirudi mchangani? Nikiinama leo, mtaniinua kesho."

Fomu ilikuwa imekufa kweli. Lakini nilipochimba nikakuta faili lenyewe ni zima, hifadhidata nzima imelala pale, kila siku na kila chombo. Kilichokosekana kilikuwa dirisha tu la kuichungulia. Nikamwekea programu mojawapo ya zile zenye matumbo wazi, programu ya kufungulia hifadhidata za aina ile, na jedwali likatokea. Mama akakisogelea kioo, akarudi nyuma.

"Hii ni nini? Sisimizi?"

Alikuwa na haki. Programu ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotengeneza programu. Herufi ndogo, vichwa vya safu ni vifupisho vya Kiingereza, vitufe vimejazana juu kama watu kwenye geti la bandari. Na kosa baya kuliko yote: ukibofya popote kwa bahati mbaya na kugusa herufi, imeshaandika. Haikuulizi.

Nikahamia Katonga. Mwenye kibanda alinicheka, akasema ataniona wiki ijayo. Nikapanga chumba juu ya kilima, mahali ambapo ukitoka nje unaona ziwa lote na unapata hamu ya kuondoka, na asubuhi nikawa nashuka ofisini na kukaa kwenye kile kiti kinachotikisika, mama pembeni yangu kwenye kiti chake kirefu walichomtengenezea mafundi wa boti ili asikunje nyonga.

Tulianza na herufi. Nikazikuza. Akasema bado. Nikazikuza tena hadi mistari michache tu ikaenea kwenye kioo, akasema sasa kubwa mno. Tukapatana katikati. Vichwa vya safu nikaviandika kama yeye anavyoita: chombo, siku, ndoo za dagaa, migebuka, maelezo. Ukisogeza jedwali kwenda kulia, jina la chombo lilikuwa linapotea, akawa anasoma namba bila kujua ni za nani, basi nikaibana ile safu ya kwanza isitembee. Utafutaji ulikuwa unataka herufi kubwa na ndogo zilingane, nikauondolea ukali huo. Kabla ya kufuta kitu, programu sasa inauliza. Na vitufe asivyovihitaji nikavificha kimoja kimoja, kama mtu anayetoa miba.

Wavuvi walikuwa wanasimama mlangoni, maji yanawachuruzika.

"Yewe fundi, hiyo televisheni inaonyesha mpira lini?"

"Mwacheni, anafundisha dagaa kuhesabiana."

"Mama, huyo mtoro amesoma wapi?"

"Barabarani," mama alijibu bila kugeuka. "Ninyi mlisoma majini, mbona siwaulizi?"

Mimi nilifurahi, na furaha yangu ina tabia moja mbaya, haijui pa kusimama. Kila nilipomaliza kitu kimoja, mikono ilikuwa inatafuta kingine. Nikaongeza rangi kwa kila chombo. Mama akasema zinamuumiza macho, nikazitoa. Nikaongeza michoro ya nguzo, akaiangalia kwa heshima na hakuigusa tena. Siku nikiwa sina la kufanya nilikuwa natembea ufukweni hadi mwisho wa mialo, narudi, nafungua msimbo, yale maandishi ya ndani ya programu, natafuta cha kurekebisha. Ndipo nikaiona mistari mitupu.

Ilikuwa mingi ajabu. Unashuka kwenye jedwali, mara unaingia mahali ambapo kuna jina la chombo na siku, halafu safu zote zilizobaki ni nyeupe. Mstari baada ya mstari, siku baada ya siku, kisha namba zinarudi. Nikadhani ni uchafu wa ile fomu ya zamani. Mjini nako, mama mwenyewe aliniambia, walikuwa wamesema mstari usio na kitu usiandikwe. Basi nikaandika kipande cha msimbo kinachoificha mistari mitupu yote, na nikafanya programu ianze hivyo kila inapofunguliwa. Jedwali likawa fupi, limebanana, limejaa. Nililipenda. Nikasema na nafsi yangu, sasa hata huyo afisa akija atasoma kama gazeti. Siku iliyofuata nikapanda bodaboda kwenda Ujiji kununua nyaya, nikachelewa kurudi kwa sababu nilikuta watu wanachonga mtumbwi na nikataka kuona jinsi wanavyoupinda.

Niliporudi, mwalo ulikuwa unachemka.

Mmoja wa wenye vyombo, mzee wa Ujiji ambaye mwenyewe haingii majini, alikuwa amepita ofisini baada ya swala ya Ijumaa. Akamuuliza mama chombo chake kilishusha nini giza lililopita, maana huku watu huhesabu kwa giza. Mama akazungusha gurudumu la kipanya, akasimama alipodhani ndipo, akamsomea. Ndoo zilizosomwa zilikuwa chache za kusikitisha. Mzee akatoka na kanzu yake hadi ufukweni, akamwambia nahodha wake mbele ya watu kuwa anauza dagaa kwenye mialo mingine kabla ya kufika nyumbani. Nahodha hakubishana. Alipanda chomboni, akatoa godoro lake, sufuria yake na jaketi lake, akaviweka mchangani.

Mama alikuja kugundua baadaye kuwa hakusoma giza lile. Alisoma siku za upepo mkali, katikati ya giza jingine la nyuma kabisa. Ikabidi ashuke mwenyewe kwenye mchanga, na mchanga kwa nyonga yake ni adhabu, akasimame katikati ya wanaume na kusema: nilikosea kusoma, huyu mtu hana kosa. Mzee akamwomba nahodha radhi. Nahodha akarudisha godoro. Lakini mtu mmoja wa kikundi akasema kwa sauti ya kusikika, "Kama ndiyo anasoma hivi, bora waandike haohao wa mjini."

Nilimkuta ofisini, kompyuta ameizima, kanga ameitupia juu ya kioo.

"Mbalamwezi zangu umezipeleka wapi?"

Nilimtazama. Nilidhani jua limempiga.

"Mbalamwezi gani, mama?"

"Zilikuwa humo. Nilikuwa nazipita moja, mbili, nafika. Leo nazungusha, nazungusha, hakuna. Ni dagaa, dagaa, dagaa, kama vile watu hawalali."

Mimi nimekulia kando ya ziwa hilihili na nilikuwa nakijua alichosema, ila sikuwa nimekikutanisha na kioo. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa. Taa inawaita wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, maji yote yanang'aa, taa haina maana, dagaa wanatawanyika. Basi vyombo vinapandishwa, nyavu zinashonwa, wanaume wanakwenda makwao, Kasulu, Kalinzi, Ujiji, wanaona watoto. Mwalo unanyamaza. Ndiyo maana Katonga hakuna anayekuja dawatini na tarehe. Anakuja na giza: giza hili, giza lililopita, giza la kabla ya mvua. Na mama, ambaye alifundishwa na mradi kuandika kila chombo kila siku, alikuwa anaviandika hata siku za mbalamwezi, jina na siku, na pembeni anaacha wazi. Akitaka giza fulani, hatazami tarehe. Anazungusha gurudumu kwa kasi, kioo kinakimbia, na anasubiri kiwe cheupe. Kikiwa cheupe, hiyo ni mbalamwezi moja. Anaendelea hadi nyingine. Nilikuwa nimemng'olea alama zote za njia, halafu nikaenda zangu Ujiji kutazama mitumbwi.

"Nitazirudisha," nikasema.

"Rudisha. Halafu usiongeze kitu. Umesikia? Kitu chochote."

Kuzirudisha ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Kutoongeza kitu ndiko kulikonishinda. Nilimwona sasa anavyofanya, nimekaa pembeni mikono nimeibana katikati ya magoti. Aliikimbiza mistari, weupe ukaja, akaupita bila kutaka kwa sababu kidole kilikuwa na kasi, akarudi, akaupita tena. Ile fomu ya zamani ilikuwa inakwenda polepole, hii yangu ni nyepesi mno. Afisa akisimama nyuma yake, kile kidole kitazidi kasi, na atakosa tena mbele ya mtu mwenye uamuzi.

"Mama, naomba niongeze kitu kimoja."

"Nilisema nini?"

"Kimoja tu. Usipokipenda nakitoa."

Alinyamaza. Kwa mama yule kunyamaza ni ruhusa, lakini ni ruhusa inayokuangalia.

Mara ya kwanza nilijifanya mjanja. Kanuni za kukokotoa mbalamwezi zipo, nikazitafuta kwenye simu, nikaipa programu. Ikaweka alama safi kabisa, zimepangana vizuri, na karibu zote zilikuwa za uongo. Wavuvi hawarudi nyumbani siku ambayo kanuni inasema. Wengine wanang'ang'ania kwa kuwa mbalamwezi inachelewa kutoka na kuna saa za giza mwanzoni. Mawingu yakifunga, wanaingia. Mbalamwezi ya Katonga ni ile ambayo watu wamekubali kuwa ni mbalamwezi. Nikaifuta kanuni yote, nikaiambia programu itazame mistari yenyewe: pale ambapo karibu vyombo vyote viko vitupu siku hiyohiyo, hapo paka kijivu chepesi. Na mshale mmoja kwenye kibodi uruke kutoka weupe mmoja hadi mwingine, kioo kisikimbie tena. Pembeni ya kila weupe nikaweka tarehe ulipoanza, kwa ajili ya yule ambaye atauliza kwa tarehe.

Nilipomwonyesha, alibonyeza mshale mara moja. Kioo kikaruka, kikatulia juu ya ukanda mpana wa kijivu. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena, na safari hii kikasimama kwenye ukanda mwembamba, siku chache tu, katikati ya giza.

"Huu umekosea," nikasema, nikivuta kibodi. "Hii si mbalamwezi, ngoja niutoe."

Akaushika mkono wangu.

"Huo ni msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wale vijana ambao chombo chao kilipinduliwa na upepo. Hakuna aliyeingia majini hadi walipopatikana." Akauachia mkono. "Uache. Twende mbele."

Tukaenda mbele. Kulikuwa na mikanda mingine myembamba, na kila mmoja aliujua. Sikumuuliza tena. Siku zilizobaki alikuwa anafanya mazoezi asubuhi vyombo vikishamaliza kushusha: anataja giza, anabonyeza, anafika. Mimi nilikuwa natoka nje, naingia, natoka. Mara hii si kwa hamu ya safari. Niliogopa.

Afisa alikuja na pikipiki ya ofisi, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Mtu wa Singida, mpole, ana tabia ya kufuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Nikampa kile cha mguu mfupi kwa kuwa hakukuwa na kingine. Alikaa, kikamtikisa, akashika meza. Wanaume wa kikundi walijaza mlango.

"Haya mama, tufungulie."

Akafungua. Afisa akasogeza uso, akaonekana kuridhika na herufi. Kisha mama akabonyeza mshale na kioo kikatua juu ya ukanda mpana, na uso wa afisa ukabadilika.

"Hapa taarifa zimepotea."

"Hazijapotea, bwana afisa. Hapa hawakwenda."

"Nani hakwenda?"

"Wote. Ilikuwa mbalamwezi."

"Mama, tulishasema mistari isiyo na kitu isiandikwe. Inajaza nafasi bure. Na mimi nikikaa mjini nikaona peupe namna hii, nitajuaje kama ni mbalamwezi au ni mwandishi hakuja kazini?"

Nilimwona mama anashika ukingo wa meza, na nikajua nyonga imeanza kumuuma, huuma akikasirika. Nilitaka kusema. Nilikuwa na maelezo mazuri kichwani, nimeyapanga siku nyingi. Akaniwahi kwa jicho, nikafunga mdomo.

"Mwandishi asipokuja kazini," alisema taratibu, "hata hayo majina hayapo. Hebu tazama. Chombo hiki, siku hii. Hiki, siku hiyohiyo. Nilikuja, nikakaa hapa, nikaviandika vyote kimoja kimoja vikiwa vimelala pale mchangani. Pembeni nimeacha wazi kwa kuwa hapakuwa na kitu. Nikikufutia, utaniona sikuja."

Afisa akanyoosha kidole mwenyewe, akabonyeza mshale, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. Mpana. Akabonyeza. Mpana. Akabonyeza, mwembamba.

"Na huu? Mbalamwezi gani fupi hivi?"

"Huo ni msiba."

Akaisoma tarehe niliyoiweka pembeni. Akaisoma kwa muda mrefu kuliko tarehe inavyostahili.

"Mimi nilikuja hapa siku zile," alisema.

"Ulikuja. Ulikaa na wanaume pale kwenye nyavu."

"Nilitakiwa kuandika ripoti. Nilishindwa kuandika chochote."

"Hukuwa na cha kuandika, bwana afisa. Hawakuwa wamepatikana."

Mmoja wa wavuvi akakohoa. Nje, wanawake wa dagaa walikuwa wanaitana kwa Kiha, wakicheka jambo lao. Afisa akatoa leso, akafuta vumbi kwenye nyusi, akauliza maswali mengine ya kawaida, ndoo za migebuka, chombo fulani kilichohama. Mama akapata jibu la yote. Moja alilikosa, akasema wazi kuwa halijui, na afisa akaandika hilo pia.

Aliposimama alisema dawati linabaki Katonga hadi mvua zitakapoisha, halafu litaangaliwa tena. Hakuahidi zaidi. "Ila nataka nakala," alisema akivaa kofia yake ya pikipiki. "Na iwe na hiyo mistari mitupu. Kila giza likiisha, nipate nakala."

"Bwana afisa sasa anahesabu kama sisi," mtu akasema nyuma, watu wakacheka, naye afisa akacheka kidogo kabla ya kuwasha pikipiki.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo watu wa programu za wazi hufanya: nikawatumia watunzaji wa ile programu, walioko mbali huko, msimbo wangu wa mikanda mitupu, ili waupokee uwe wa wote. Nilijieleza kwa Kiingereza changu cha barabarani na kamusi. Walijibu kwa adabu. Wakapokea ule wa kubana safu ya kwanza, wakapokea wa kuuliza kabla ya kufuta. Ule wa mistari mitupu wakasema hapana, watumiaji wengi wanaomba iondolewe, hawaoni kwa nini mtu atake kuirukia. Nilianza kuwaandikia maelezo marefu juu ya ziwa, nikafika katikati, nikasimama, nikatoka nje. Toleo la Katonga likabaki la Katonga peke yake. Nikaizuia programu isijisasishe yenyewe, nikamwekea mama nakala kwenye flashi mbili, moja ofisini na moja nyumbani kwake.

Na hapo ndipo ugonjwa wangu uliporudi. Dawati lipo. Hakuna cha kuogopa hadi mvua ziishe. Kile kiti hakikunitosha tena, nikawa nasimama mlangoni nusu ya siku.

"Fundi, mguu unawasha?" wavuvi waliniuliza.

"Mwacheni," mama akasema. "Huyo hafungwi kamba."

Akanifungia migebuka ya kukausha kwenye gazeti. Nilimwonyesha mara ya mwisho jinsi ya kutoa nakala ya afisa: kitufe kimoja, nilichomtengenezea kwa ajili hiyo tu, kimeandikwa "Nakala ya giza". Nikaondoka. Nilikaa Kasulu muda, nikamsaidia mtu kufunga sola, nikasikia Kibondo kuna kazi ya redio, nikakata tiketi. Nilijua ni wakati ambao giza la Katonga linaisha na kwamba leo au kesho atakaa pale peke yake kutoa nakala ya kwanza. Nilikuwa nimejikataza kupiga simu.

Nimeshakaa dirishani, basi limewasha injini, simu ikaita.

"Imekwenda," mama alisema bila salamu. "Afisa amepata. Amesema imefunguka."

"Hongera, mama."

"Hongera ya nini? Hicho kitufe chako nani alikuambia ukiweke hapo? Kimebanana na cha kufuta. Nimekaa nusu saa nakiogopa, kidole nimekiinua hivi, kama mtu anayetaka kugusa pasi. Mara ijayo nitafuta mwalo mzima."

"Lakini kabla ya kufuta inauliza."

"Inauliza, najua inauliza! Mimi sitaki kuulizwa. Nataka kisiwe hapo. Kihamishe kiende kule chini, peke yake. Na hiyo rangi ya kijivu iongeze, asubuhi jua likiingia dirishani siioni."

Konda alikuwa amefika kwenye siti yangu, ameshanyoosha mkono kuomba tiketi.

"Utakihamisha lini?" mama akauliza.

"Ngoja, mama," nikamwambia, nikivuta begi kutoka chini ya siti. "Kwanza nishuke."

"Unashuka wapi?"

"Kwenye basi."